Mfasiri Aliponyamaza: uchambuzi wa kisa cha Roman Holiday katika banda la video

## Muhtasari

Kisa hiki ni cha banda la video katika mji mmoja wa mkoani, Tanzania, lililoonesha mara mbili komedi ya mapenzi ya Kimarekani ya mwaka 1953. Mara ya kwanza watu walitoka wakilalamika na wengine wakadai kiingilio chao. Mara ya pili walibaki nje wakibishana mpaka mwenye banda akafunga mlango na kuwaacha hapo. Filamu ilikuwa ileile na mfasiri yuleyule. Tofauti ilikuwa pale alipoongea na pale alipoweka kipaza sauti chini.

Majina ya watu, mtaa na mji nimeyaondoa, pamoja na chochote ambacho kingewatambulisha. Nakiandika kwa ajili ya wenye mabanda, wafasiri wa filamu, na hasa vijana wanaoandika komedi zao za mapenzi. Roman Holiday imetimiza zaidi ya miaka 70 na bado inapendwa, na sababu zake tumezoea kuzisikia kwa maneno ya jumla tu: nyota wazuri, mji mzuri, enzi nzuri. Banda lile lilituonesha sababu yenyewe ilipo, kwa sababu siku ya kwanza ilifunikwa na siku ya pili ikaachwa wazi.

## Usuli: banda na watu wake

Banda ni la mabati, lina mabenchi ya mbao, projekta moja na spika mbili. Siku za mechi hujaa mpaka watu wanasimama mlangoni. Siku nyingine huishi kwa filamu za mapigano na za Kihindi, zikisimuliwa kwa Kiswahili na mfasiri anayekaa pembeni na kipaza sauti.

Kazi hiyo ina heshima yake kwetu. Lufufu alijijengea jina Dar es Salaam kwa kusimulia filamu za nje, Kenya wana DJ Afro, na Uganda mavijei wana mashabiki kama wanamuziki. Mfasiri hodari hafuati neno kwa neno. Anawapa wahusika majina ya mtaani, anamwonya steringi, anamtukana adui, anatabiri kitakachotokea na kuwasuta wanaosinzia. Watu hulipa ili kumsikia yeye sawa na wanavyolipa ili kuitazama picha. Mfasiri wa banda hili ni wa daraja hilo, na nataka msomaji alijue hilo mapema: hakuna mahali katika kisa hiki alipokosa ustadi.

Mwenye banda alitaka jioni ya Jumapili iwe ya familia. Akina mama wa mtaa walikwishamwambia wazi kwamba hawaji kwa sababu kila siku ni damu na makelele. Mmoja wao, mama wa makamo aliyewahi kufanya kazi hotelini na kuiona picha hiyo huko, ndiye aliyetaja Roman Holiday. Mimi huandika kuhusu filamu, nikaombwa maoni, nikaunga mkono. Siku zote mbili nilikuwepo.

## Usuli: filamu yenyewe

Ann ni binti mfalme wa nchi isiyotajwa jina, yumo katika ziara ya kifalme barani Ulaya. Akiwa Roma anachoshwa na ratiba, usiku mmoja analia kwa hasira, daktari anamchoma sindano ya usingizi, naye anatoroka kabla haijamkolea. Mwandishi wa habari wa Kimarekani, Joe Bradley, anamkuta barabarani amesinzia, anadhani ni binti aliyelewa, anamchukua kwake asije akakamatwa na polisi. Asubuhi Joe anagundua ni nani. Mhariri wake anamwahidi dola 5,000 kwa habari ya kipekee kuhusu binti mfalme, na juu yake wanawekeana dau la dola 500. Joe anamwita rafiki yake mpiga picha, Irving, na siku nzima wanamzungusha mjini huku Irving akimpiga picha kwa kamera iliyofichwa kwenye kiberiti cha gesi. Binti anajiita Anya na kusema ametoroka shule, na Joe anasema yeye ni mfanyabiashara. Wote wawili wanadanganyana, na wote wawili wanapendana.

Mwongozaji ni William Wyler. Mwaka 1952 alisisitiza filamu ipigwe Roma kwenyewe badala ya kujengewa mitaa ya bandia Hollywood, na maandishi ya mwanzo yanatangaza kwamba yote imepigwa na kurekodiwa huko. Gregory Peck, aliyekuwa tayari nyota mkubwa, alicheza Joe, na Eddie Albert akacheza Irving. Ann alichezwa na Audrey Hepburn, aliyekuwa na miaka 23 na hajawahi kubeba filamu ya Hollywood. Alipata kazi kwa jaribio lililopigwa Uingereza: waliambizana kwamba kamera ikiendelea kuzunguka baada ya kuambiwa amemaliza, wataona alivyo hasa. Ikazunguka, akacheka na kuongea bila kujilinda, na Wyler akamtaka. Mwaka 1954 alipewa Oscar ya mwigizaji bora wa kike.

Hadithi iliandikwa na Dalton Trumbo, mmoja wa watu kumi wa Hollywood waliofungwa kwa kukataa kujibu maswali ya kamati ya Bunge la Marekani kuhusu ukomunisti. Studio zilikuwa hazimpi kazi, kwa hiyo rafiki yake Ian McLellan Hunter akaweka jina lake mbele, na Oscar ya hadithi ikaenda kwa jina hilo. Ni mwaka 1993 tu, miaka 17 baada ya Trumbo kufa, ndipo mjane wake alipokabidhiwa tuzo hiyo.

## Siku ya kwanza

Saa ya kwanza ilikwenda vizuri kuliko alivyotarajia mwenye banda. Mapema katika filamu kuna mapokezi: Ann amesimama kwa gauni refu akipokea mabalozi mmoja baada ya mwingine. Kamera inashuka chini ya gauni. Miguu imemchoka, anachomoa mmoja kutoka kwenye kiatu, anaukunja na kuunyoosha, kisha kiatu kinaanguka upande na mguu unakitafuta bila kukipata, huku juu uso unaendelea kutabasamu. Akina mama waliangua kicheko. Wamesimama harusini kwa viatu vya aina hiyo. Mfasiri akaongeza, “Dada, kimekubana, si ungesema!” na banda lote likawa lake.

Alimbatiza Joe jina la Jojo, na Irving akawa Madevu. Walipopanda Vespa, na binti akashika usukani bila kujua kuendesha, wakapita kati ya meza za mkahawa na vibanda vya wachuuzi, vijana walipiga mbinja kama wanavyomshangilia bodaboda anayemkwepa trafiki.

Tatizo lilikwishaingia kabla ya hapo bila mtu kuliona. Kuna tukio fupi ofisini kwa Joe. Amechelewa kuamka, anamdanganya mhariri kwamba amemhoji binti mfalme asubuhi hiyo, na mhariri anamwonesha gazeti: ziara imesimamishwa, binti mfalme ni mgonjwa. Picha yake ipo hapo. Joe anaitazama, na tunamwona akielewa ni nani aliyelala nyumbani kwake. Mfasiri alilichukua tukio hilo kama ugomvi wa bosi na mfanyakazi mchelewaji. Akatoa vichekesho vizuri sana vya kukatwa mshahara, gazeti likapita. Nusu ya watu hawakujua kwamba Joe anajua.

Toka hapo waliitazama hadithi ya kaka mkarimu na dada aliyepotea. Ilichekesha bado, lakini uzito wake haukuwepo.

Jioni Ann na Joe wanacheza muziki kwenye boti lililotia nanga mto Tiber, chini ya ngome ya Sant'Angelo. Maofisa wa usalama wa nchi yake, wote suti nyeusi zinazofanana, wanakuja kumchukua, unazuka ugomvi, Ann anampiga mmoja gitaa kichwani, wote wawili wanarukia mtoni, na wakitoka wamelowa wanabusiana. Banda lilipiga makofi. Kwa watu wengi wa pale filamu iliishia hapo, na zilikuwa zimebaki dakika nyingi.

Zinazofuata ni taratibu. Nyumbani kwa Joe binti anatamani kumpikia, na anaambiwa hapana jiko, yeye hula nje siku zote. Redio inasema watu wa nchi yake wana wasiwasi juu ya afya yake. Joe anamrudisha kwa gari. Karibu na lango anamwambia asimame, na amwahidi kwamba hatamfuata kwa macho akishakata kona. Anasema hajui kuaga, hapati maneno. Joe anamjibu asijaribu.

Mfasiri alikuwa na maneno. Aliwatolea hotuba ya mapenzi ndefu na tamu, yenye nyota, mwezi na kaburi. Kwenye mkutano wa mwisho na waandishi wa habari, Ann anapomwona Joe kati yao na kuelewa yote kwa mara moja, alijaza kila nafasi: “Anamwambia kwa macho, nisubiri mpenzi wangu, nakuja.” Joe alipobaki peke yake ukumbini, mfasiri alitangaza kwamba wataonana sehemu ya pili.

Sehemu ya pili haipo. Taa zilipowaka watu walitaka kujua italetwa lini. “Steringi gani anaachwa?” kijana mmoja aliuliza. Mama mmoja aliuliza swali lililonishtua zaidi: “Na zile picha kwenye bahasha zilikuwa za nini?” Bahasha ile ndiyo filamu nzima, na ilikuwa imepita mbele yao kama zawadi ya kawaida ya mgeni.

## Maamuzi na sababu zake

Mwenye banda alikuwa na pendekezo rahisi: irudiwe Jumapili nyingine lakini ikatwe pale mtoni, kwenye busu. Hoja yake haikuwa ya kijinga. Kiingilio hulipwa na anayetoka akiwa amefurahi, na makofi yalipigwa pale. Mfasiri alitaka filamu iende mpaka mwisho, ila asimulie kwamba baada ya mwaka mfalme alilegeza kamba na harusi ikafungwa. Mama aliyeileta filamu alikataa yote mawili. Alisema picha hiyo aliikumbuka miaka yote kwa sababu hawakuoana, na kama mtu anataka harusi, Jumapili zipo za kutosha kwenye kumbi.

Kilichoamua mambo ni kwamba walikaa wakaitazama robo ya mwisho bila kipaza sauti. Mfasiri ndiye aliyekuwa wa kwanza kusimamisha picha. Ilikuwa pale mwandishi mmoja anapomuuliza Ann ni mji gani ameupenda zaidi katika ziara yake. Anaanza jibu aliloandaliwa na wakubwa: kila mji kwa namna yake haukusahaulika, ingekuwa vigumu… Hapo anakatika. Halafu anasema Roma. Kwa vyovyote vile, Roma, na kwamba ataukumbuka ujio wake huko maisha yake yote. “Hapa mimi niliongea,” mfasiri alisema. Akairudisha, akaitazama tena.

Wakakubaliana. Mwanzoni, na tena kwenye tukio la gazeti, mfasiri aache mzaha na kueleza polepole: huyu anamjua yule ni nani, yule hajui kwamba anajulikana, na hapa kuna dola 5,000. Saa ya katikati aitawale atakavyo. Hilo alilidai mwenyewe, na alikuwa na haki, kwa sababu sehemu ile inahitaji kelele na watu wanatakiwa wacheke mpaka wawazoee wahusika. Kuanzia kwenye gari atafsiri tu kinachosemwa kwenye picha. Wakinyamaza wao, anyamaze. Na baada ya Ann kusalimiana na waandishi, kipaza sauti kiwekwe chini mpaka taa ziwake.

Kuhusu harusi ya kubuni, sababu iliyoshinda ilitoka ndani ya filamu. Ann anaporudi usiku ule, balozi anamkumbusha wajibu wake, naye anamjibu kwamba kama asingekuwa anaujua kikamilifu wajibu wake kwa familia na nchi yake, asingerudi usiku huo, wala usiku wowote. Ukimwozesha baada ya hapo umemfanya mwongo.

## Siku ya pili

Walikuja wachache kuliko mara ya kwanza, maana habari ilikwishaenea kwamba ni picha isiyo na mwisho. Waliorudi walileta wenzao kwa ubishi.

Maelezo ya gazeti yalibadilisha kila kilichofuata. Ann alipokaa kwenye ngazi za Piazza di Spagna akila aiskrimu na Joe “akamkuta kwa bahati,” watu walicheka kicheko kingine, kile cha kumwona mtu akitegwa. Irving alipoanza kuropoka mkahawani na Joe akamkanyaga na kummwagia kinywaji, kila pigo lilieleweka. Na walipofika kwenye Mdomo wa Ukweli, sura ya jiwe katika ukumbi wa kanisa la Santa Maria in Cosmedin inayosemekana kumng'ata mkono mwongo, banda lilijua kwamba waongo wapo wawili. Ann anasogeza mkono na kuurudisha. Joe anautia wake, anapiga ukelele, anauchomoa mkono haupo, kumbe ameuficha kwenye mkono wa koti. Husimuliwa kwamba Peck hakumwambia Hepburn atakachofanya, na ukelele wa Hepburn ni wa kweli. Binti mmoja mbele yangu alipiga ukelele pamoja naye.

Kwenye gari mfasiri alitafsiri sentensi mbili tatu, akanyamaza. Kwa jinsi walivyozoea, watu kadhaa waligeuka kumwangalia kama umeme umekatika. Alinyoosha mkono kuwaelekeza kwenye pazia.

Usiku ule Ann aliporudi kwenye vyumba vyake, mhudumu wake alimletea maziwa na biskuti kama ilivyo desturi ya kila usiku. Alikataa, akawaambia wote waende. Bibi mmoja kwenye benchi la nyuma alisema kwa sauti, “Maziwa ameyakataa!” Ni kweli. Mwanzo wa filamu maziwa yaleyale ndiyo aliyolazimishwa akiwa amevaa gauni la kulalia asilolipenda, huku akisomewa ratiba ya kesho. Sikuwahi kusikia mtazamaji wa mara ya kwanza akilishika hilo. Siku ya kwanza maneno ya mfasiri yalikuwa yamelifunika kabisa.

Bahasha ilipotolewa, Irving akimkabidhi Ann picha kama kumbukumbu ya ziara, naye akachungulia ya juu na kujiona na gitaa lake, kulisikika mguno wa watu wengi kwa pamoja. Joe alipobaki ukumbini na kuanza kutoka, kijana mmoja alisema, “Subirini, atarudi huyo.” Hakurudi. Wyler anampa Joe mwendo mrefu katika ukumbi ule mtupu, na kamera inarudi nyuma mbele yake, ili kila mtu apate muda wa kumsubiri.

Hakuna aliyedai pesa yake. Nje ulizuka ubishi. Wanawake vijana kadhaa walimlaumu Ann: amechagua kiti. Wazee wakasema amerudi kazini, na amerudi akiwa mkubwa, ndiyo maana ya maziwa. Mwanamume mmoja alimtetea Joe kwa hoja ya pesa tu: dola 5,000 umeziacha, dau umeshindwa, na anayejua ni wewe, rafiki yako na yule binti.

Upande wa mapato siku hiyo haikuwa nzuri, na sitaki kuipamba. Vijana wa kawaida wa banda hawakuja, na mwenye banda alipata pungufu ya Jumapili ya filamu ya mapigano.

## Uchambuzi: kilichofanya kazi

Ukiondoa mambo mengine yote, kisa hiki kinaonesha kwamba filamu hii inasimama juu ya mtazamaji kujua zaidi ya wahusika. Tunajua siri ya Ann, tunajua siri ya Joe, na tunawaona wakitembea mjini kila mmoja akidhani siri ni yake peke yake. Kila kichekesho kinaegemea hapo. Tukio la gazeti likipotea, kinachobaki ni mizunguko ya watalii. Waandishi wetu wengi wa komedi za mapenzi huficha siri mpaka mwisho ili mtazamaji ashtuke. Trumbo alifanya kinyume, akampa mtazamaji siri mapema, na mshtuko akauacha kwa Ann peke yake. Uso wake unapobadilika mbele ya waandishi, sisi hatushangai, tunamwonea huruma, na huruma haiishi ukishaijua hadithi. Ndiyo maana picha hii hurudiwa.

Jambo la pili ni kwamba mapenzi hapa hayapimwi kwa matamko. Joe hamwambii Ann kwamba anampenda, wala Ann hamwambii. Kila mmoja anatoa kitu, na hakuna anayekitaja. Joe anamwambia mhariri kwamba hana habari yoyote na yuko tayari kukatwa dau kwenye mshahara, akionekana mzembe wa kawaida. Irving, aliyepiga picha ili apate pesa, anazitoa bure, na kifaa kilekile kilichochekesha mkahawani kinakuwa cha heshima ukumbini. Ann anasema mbele ya watu wote kwamba ana imani na urafiki kati ya mataifa, kama alivyo na imani na mahusiano kati ya watu. Joe anajibu kwa niaba ya shirika lake la habari kwamba imani hiyo haitavunjwa. Ni lugha ya kidiplomasia, ukumbini kumejaa watu, na wanaoielewa ni watatu. Pamoja nao sisi. Mfasiri akiitafsiri hiyo kuwa “nakupenda,” anawatoa watazamaji kwenye kundi la wanaojua na kuwarudisha kwenye kundi la waliopo tu.

Ukimya huo usingebebwa na kila mwigizaji. Hepburn alisimulia baadaye kwamba kwenye tukio la gari alishindwa kulia, wakapiga mara nyingi, mpaka Wyler akamjia juu kwa ukali na machozi yakaja yenyewe. Njia hiyo siipendi. Lakini mtu anayeona uso ule unavyozuia na kushindwa kuzuia ataelewa kwa nini kamera ilimkalia karibu.

Roma nayo ilisaidia kwa namna ambayo sikuitegemea. Inaelezwa kwamba gharama ya kupiga ugenini ilichangia Wyler kukosa rangi. Banda lilipoona ni nyeusi na nyeupe liliguna kwa dakika chache tu. Mitaa halisi, wachuuzi halisi na wapita njia wanaokodoa macho viliwafanya watu wasahau. Mji wa studio ungewachosha mapema.

Na mwisho usio na ndoa ulikuwa na ukweli wake tangu siku filamu ilipotoka. Mwaka huohuo wa 1953 magazeti ya Uingereza yalijaa habari za Princess Margaret, mdogo wake Malkia Elizabeth, na Peter Townsend, mwanajeshi aliyetalikiana na mkewe, na mwaka 1955 Margaret alitangaza kwamba hataolewa naye. Watu wa banda hawakuhitaji kulijua hilo. Kila mmoja pale anamjua mtu aliyerudi nyumbani kwa sababu ya mama, kazi au ukoo, akaacha alichokitaka.

## Uchambuzi: kilichoshindikana

Mwanzo wa filamu umezeeka. Mwanamume anamchukua kwake msichana asiyejitambua, na ingawa Joe anamlaza bila kumgusa na anajitahidi kumwepuka, akina mama walikaa kimya, kimya cha wasiwasi, mpaka asubuhi ikafika. Mmoja alisema wazi kwamba asingependa binti yake alichukulie jambo hilo kama bahati. Nakubaliana naye, na anayeionesha kwa vijana alizungumzie.

Urefu pia ulitusumbua. Filamu ni ya takriban saa mbili, na tukio la kituo cha polisi, ambalo maneno yake ni ya Kiitaliano, mfasiri alilipitisha kwa kubuni, kwa mafanikio ya nusu nusu. Utani wa Joe na mhariri wake unategemea lugha ya kazini ya Wamarekani, na mwingi ulipotea siku zote mbili.

Gumu kuliko yote ni nafasi ya mfasiri. Kwake, kunyamaza robo ya mwisho ni kama kufanya kazi nusu na kulipwa nzima. Mtu mmoja alimwambia hivyo usoni. Utaratibu tuliouweka unamtaka aitazame filamu kabla, apange pa kuongea na pa kuacha, na hiyo ni kazi zaidi, lakini aliyekaa kwenye benchi haioni. Mwenye banda hajamwongezea malipo, na nadhani anapaswa.

## Hali ilivyo sasa

Jumapili ya familia imebaki mara moja kwa mwezi. Mfasiri sasa huomba filamu siku kadhaa kabla, na huitazama peke yake kwanza. Roman Holiday itarudiwa, kwa ombi la wale waliobishana nje. Kuna jambo moja ambalo yeye na mama wa hotelini hawajaafikiana: busu la mtoni. Mama anataka liachwe kama lilivyo. Mfasiri anasema pale watu wanapiga makofi kwa hiari yao, na hakuna mtu atakayemzuia kupiga nao kelele. Mpaka naandika haya, kila mmoja ameshikilia lake.